Sikio la Chimboni

Jiwe lina ulimi. Ukiligonga likiwa zima, linakujibu upesi, kwa sauti nyembamba yenye mkia, kama sufuria tupu. Likiwa na ufa ndani linajibu kwa uvivu, du, kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Kule mlimani la kwanza waliliita jiwe hai, la pili waliliita jiwe bovu, na mwanamke mmoja alipata riziki yake kwa kujua lipi ni lipi.

Wazazi wake walimpa jina lao, lakini tangu alipoanza kusikiliza mawe watu wote walimwita Sikio. Hata binti yake, alipoulizwa shuleni jina la mama, aliandika hivyo hivyo. Mwalimu akadhani ni utani, akamchapa.

Chimbo lilikuwa limekatwa kwenye ubavu wa mlima kwa ngazi tatu kubwa. Ngazi ya juu kulikuwa na mwamba wenyewe. Ngazi ya kati walisimama wapasuaji, wanaume wenye nyundo nzito na mitaimbo. Chini kabisa walikaa wanawake wa kokoto, kila mmoja na rundo lake, chini ya kibanda cha mabati ya zamani. Wapasuaji wakishatoboa matundu kwenye jiwe, Sikio hupanda na kinyundo chake kidogo. Hugonga mahali patatu, kichwani, kiunoni na miguuni pa jiwe, kisha humwambia mnyapara neno moja tu. Akisema hai, zinaletwa kabari, vile vipande vya chuma vilivyochongoka, zinapigwa kwenye matundu mpaka jiwe linapasuka kwa mstari. Akisema bovu, wanawake wanaondolewa chini na jiwe linashushwa kidogo kidogo, kwa siku mbili au tatu za jasho na matusi.

Hakuipata kazi hiyo kwa kuomba. Alikuwa mama kokoto kama wengine, na mimba ya kitinda mimba wake ilikuwa ya miezi saba, siku alipoinua kichwa kwenye rundo na kusema, "Hilo bovu."

"Nani kakuuliza wewe?" wapasuaji wakamcheka. "Piga kokoto, mama, tumbo lisije likapasuka kabla ya jiwe."

Wakaweka kabari. Jiwe likakatika mshazari kama mkate uliokatwa na mtoto. Kesho yake akasema tena, na tena ikawa kweli. Siku ya tatu mnyapara akatuma mtu: "Hebu niitieni yule mwenye sikio." Akapanda na tumbo lake, na toka siku hiyo hakushuka tena kwenye kokoto. Miaka kumi na minane. Katika miaka hiyo mume wake, aliyekuwa mpasuaji, alikaliwa na vumbi kifuani mpaka likamtoa duniani, akamwachia nyumba ya vyumba viwili, mama mkwe mwenye ulimi mkali, na yule binti wa mwisho, Kitinda, ambaye sasa naye alikuwa na rundo lake la kokoto kule chini.

Alimwachia pia shemeji. Mdogo wa marehemu alikuwa ndiye mpiga kabari wa chimbo, mtu mfupi, mwepesi, mwenye watoto wanne na mdomo usio na mlango. Walimwita Domo. Yeye ndiye aliyegeuza salamu ya pale kazini. Badala ya kusema habari gani, alisema, "Kabari gani?" Mwanzoni wakamwona mpuuzi, baadaye chimbo zima likaambukizwa. Asubuhi ungesikia toka ngazi hadi ngazi: "Kabari?" "Nzuri!" "Kabari za nyumbani?" "Zimekwama!" Na mlima ule wenye baridi ukawa na kicheko kidogo cha kuanzia siku.

Sasa masikio. Ya Sikio hayakuondoka kwa kishindo. Yaliondoka kama wageni wasio na adabu, moja moja, bila kuaga. Kwanza zilikwenda sauti ndogo: kibiriti kikiwashwa, maji yakianza kuchemka, vifaranga. Akawa anashangaa kwa nini chai inamwagikia motoni kila siku. Halafu zikaenda ncha za maneno. Mtu akisema neno, yeye alipata tumbo lake tu, kichwa na miguu akajiwekea mwenyewe.

"Kuni zimelowa," mama mkwe alisema asubuhi moja toka kitandani kwake.

"Nani ameolewa?"

"Mimi," bibi akasema. "Nimeolewa alfajiri, na beberu la jirani. Nimesema kuni zimelowa, mwanamke wewe!"

Kitinda alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Sikio naye akacheka, ila alichelewa kidogo, na bibi kizee akaugeuza uso wake upande wa Sikio. Macho ya bibi yalikuwa yameingia utando mweupe, haoni hata mkono wake, lakini masikio yake yalikuwa ya kutisha. Panya akibadili nia darini, yeye alisikia.

Nyumbani palikuwa pepesi. Chimboni Sikio alijifunza ujanja. Alisimama karibu na mtu na kuangalia midomo. Alizoea kuitikia kwa kichwa. Wenzake wakicheka, alicheka. Na kuhusu mawe alijiambia kwamba mawe hayajamtupa. Akigonga jiwe hai, mpini wa nyundo ulimtetemekea kiganjani kama kidege kilichoshikwa, akigonga bovu, mpini ulikufa. Basi alisikiliza kwa kiganja, na akaendelea kukiita sikio. Akiwa na shaka alisema bovu, maana bovu haliui mtu. Mnyapara alilalamika, "Siku hizi mlima huu umeoza wote au vipi?" lakini hakuwahi kumpinga.

Kwa nini hakusema? Hilo ni swali la mtu aliyeshiba. Sikio asiye na sikio anarudi kwenye kokoto, na mkono wake wa kulia ulikuwa umewahi kuvunjika kifundoni alipoteleza na mzigo wa kuni. Uliunga vibaya. Uliweza kinyundo cha kugongea mara tatu, haukuweza nyundo ya kutwa nzima. Kokoto za Kitinda peke yake zisingewalisha watatu. Na tusifiche, lilikuwapo pia jina. Mtu akishaitwa Sikio miaka kumi na minane, ukimwondolea sikio unamwita nani?

Asubuhi ile ukungu uliamka nao. Siku za ukungu njia ya kushukia ilikuwa inateleza, kwa hiyo Sikio huwa hashuki kumwambia mnyapara neno lake, hulitamka kwa sauti toka juu, na wapasuaji hulichukua. Jiwe la siku hiyo lilikuwa kubwa kama chumba, na matundu yake yalikuwa tayari. Alipanda, akaegemeza kinyundo chake kwenye kichaka, akaanza kusugua kuvu kwa kisigino apate mahali safi pa kugonga.

Chini yake, hatua kama kumi, akaona umbo la Domo katika weupe ule. Kichwa kimeinuliwa, mdomo umefunguka.

"Kabari?"

Sauti yenyewe haikumfikia. Kilichomfikia ni mdomo. Na mdomo wa Domo ukifunguka asubuhi, ungekuwa unasema nini kingine?

"Nzuri!" Sikio akajibu, akapunga mkono. Akageuka, akarudi kichakani kuchukua kinyundo, na njiani akasimama kufunga upya kitambaa cha kichwa.

Domo hakuwa amemsalimu. Alikuwa ameuliza kazi: niweke kabari? Nyundo za wengine zilikuwa zikilia huku na huku, akadhani jiwe limekwisha gongwa, na shemeji yake amejibu kwa utani badala ya kusema hai. Akaweka kabari, akapiga. Mlio wa nyundo ile nzito juu ya chuma huvuka bonde, hata mbuzi wa ng'ambo huinua kichwa. Sikio, hatua sita tu toka hapo, alikuwa akifunga fundo la kitambaa.

Alikuja kujua kwa nyayo. Ardhi ilimtingisha toka chini, akageuka, nusu ya lile jiwe haipo.

Lilikuwa bovu. Lilipasuka kwa ubavu, likateleza, likaruka ngazi ya kati ambako wanaume walijitupa pembeni, likatua ukingoni mwa kibanda cha wanawake. Vumbi lilipotulia, Kitinda alikuwa amesimama mweupe mwili mzima kama aliyemwagiwa unga, mikono imening'inia, hana hata mkwaruzo. Aliyekuwa amekaa kando yake, Mama Pacha, alikuwa chini ya bati. Walipomtoa, mkono wake wa kushoto ulikuwa na kona mahali pasipo na kiungo. Hakulia. Alikuwa akiuliza tu, tena na tena, nani atawapokea wale pacha wakitoka shule.

Hakuna aliyekufa. Lakini kila mtu alijua ni kwa kipimo cha kiganja.

Mchana mnyapara aliwakusanya. Hakuwa mtu mbaya, yule mzee. Alikuwa mtu mwenye usingizi mchache, na siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu zaidi.

"Nani alipiga?"

"Mimi," Domo akasema. "Niliuliza kabari, nikajibiwa nzuri. Nikapiga."

Mnyapara akamgeukia Sikio. Alikuwa karibu, midomo yake ilisomeka. "Ulikuwa umeligonga jiwe lile?"

"Bado."

"Sasa hiyo nzuri ilikuwa ya nini?"

"Nilidhani ananisalimia."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Si ndiyo hayo! Kutwa kabari gani, kabari gani." Mwingine, "Mzaha mzaha hutunga usaha, leo umetumbuka." Mwanamke mmoja wa kokoto akamtupia Domo jicho. "Chekesha basi sasa. Chekesha tukuone."

Sikio alikuwa amesema kweli. Lakini kuna kweli nyingine hukatwa mguu, ikasimama kwa mmoja uliobaki, na watu wasijue kwamba ni kiwete. Alimngoja Domo aseme kwamba hakutania, kwamba alipaza sauti ya kazi, kila aliyekuwa karibu aliisikia. Domo alimtazama muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa.

"Ni domo langu," akasema.

"Basi unateremka," mnyapara akasema.

Kuteremka, kwa watu wa chimbo, maana yake ilikuwa moja: chukua nyundo yako, usionekane tena mpaka uitwe, na wengi hawakuitwa.

Jioni hiyo, jua likiwa bado limeshika ncha za mlima, Domo alikuja nyumbani kumsalimu mama yake. Bibi alimpokea kwa maneno makali kama kawaida, akamwuliza kwa nini amekuja mapema, kwani chimbo limehama? Domo akamdanganya kuwa mvua ilinyesha. "Mvua isiyogusa bati langu," bibi akasema, akajigeuzia ukutani.

Kisha Domo akaja kukaa kizingitini, akauelekeza uso wake kwenye mwanga. Sikio alikuwa akimenya viazi. Kisu kikamsimama mkononi. Aliona ghafla kwamba shemeji yake huyu siku zote hukaa hivyo, uso kwenye mwanga, na siku zote huongea kwa mikono na nyusi, kama mtu anayewaigizia watoto.

Domo akafungua kinywa, na hakutoa sauti hata chembe. Midomo tu.

"Najua."

Sikio akatazama upande wa kitanda cha bibi. Naye akajibu kwa midomo. "Tangu lini?"

"Mwaka jana. Nilikupigia kelele nyoka, nyoka! Ukanijibu, na wewe pia."

Hakucheka yeyote. "Leo nilidhani umenisoma midomo," Domo akaongeza.

"Kwa nini hukusema leo mbele yao?"

Domo akahesabu kwa vidole, taratibu, ili asomeke. Yeye akiteremka, Sikio bado yuko juu, na mama yake anakula. Wakiteremka wote wawili, mama yake anakula nini? Yeye atapata kazi ya kubeba mbao huko bondeni, bado ana mgongo. "Nyamaza tu, shemeji. Ndiyo hesabu yenyewe."

"Na wanao?"

"Wamezoea kula maneno yangu."

Sikio akakiweka kisu chini. "Lakini mawe sijayakosea," midomo yake ikasema. "Mkono wangu haujakosea hata mara moja. Lile nilikuwa sijaligonga."

Domo akautazama mkono ule. Kisha akainua vidole viwili.

"Mara mbili," akasema kwa midomo. "Ulisema hai, mimi nikagusa kabari ya kwanza, nikasikia du. Mara moja nilijifanya mpini umevunjika. Mara nyingine nilijifanya tumbo linaniuma."

"Mbona mmenyamaza hivyo?" bibi akauliza toka kitandani. "Mnakula nini bila mimi?"

Siku mbili Sikio alifuata ile hesabu ya Domo. Ilikuwa hesabu nzuri, huwezi kuilaumu. Alikwenda kazini, akaitikia kwa kichwa, akacheka wengine walipocheka, ingawa sasa hawakucheka sana. Siku hizo mbili kazi ilikuwa ya kusafisha, hapakuwa na jiwe la kusikiliza. Lakini vile vidole viwili alitembea navyo. Alikuwa akijaribu kukumbuka ni mawe gani hayo, mwezi gani, nani alikuwa amekaa wapi kule chini, na hakukumbuka, maana kwake yalikuwa mawe kama mawe mengine, ameyagonga, ameyasema hai, ameenda nyumbani kupika.

Siku ya tatu matundu yalikuwa tayari. Akapanda.

Ukungu haukuwapo. Bonde zima lilionekana, matuta ya viazi yamepangwa kama ngazi za wadudu, moshi wa nyumba unapanda wima. Mpiga kabari mpya alikuwa tayari chini yake, mtu wa watu, mpole, mwenye masharubu yaliyofunika mdomo wote. Anaposema, hakuna kinachotikisika. Na chini zaidi kibanda kilikuwa kimesimamishwa tena kwa yale yale mabati, yamekunjwa kunjwa. Wanawake wamekaa, vilemba vyao vinapanda na kushuka. Kitinda alikuwa amehamia mahali pa Mama Pacha, kwa sababu pana kivuli.

Sikio akagonga kichwani. Kidege kikatetemeka kiganjani. Akagonga kiunoni. Kikatetemeka. Akagonga miguuni, na kiganja hakikusema kitu chenye maana. Akagonga tena. Ilikuwa baridi, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, huenda ni hivyo tu. Akapuliza mkono, akagonga mara ya nne. Safari hii akadhani ametetemekewa. Au alitaka kutetemekewa.

Angeweza kusema bovu. Alifikiri hilo. Bovu haliui mtu. Lakini kesho kuna jiwe jingine, na kesho kutwa, na mlima mzima hauwezi kuwa bovu, na siku moja kwa uchovu au kwa aibu atasema hai, na hakuna tena Domo wa kujifanya anaumwa tumbo.

"Sikio!" Mnyapara alikuwa amepanda ngazi ya kati, amekizungushia kinywa viganja viwili. "Hai au bovu?"

"Sijui," akasema.

Mnyapara akashusha mikono. Neno hilo halikuwahi kutamkwa pale juu. Sikio akaanza kushuka kwa makalio, akishika mawe, mpaka akafika mbele yake.

"Mimi sisikii," akasema. "Si leo. Huu mwaka wa pili. Domo hakutania siku ile, aliuliza kazi, mimi sikumsikia. Hata nyundo sikuisikia."

Alidhani anamwambia mnyapara peke yake. Mtu asiyesikia hajui sauti yake inafika wapi. Ilikuwa imefika kila mahali. Nyundo zilinyamaza ngazi ya kati, kisha chini, moja moja, na hilo alilijua kwa kuona: vilemba vilikuwa vimeacha kupanda na kushuka.

"Miaka miwili," mnyapara akasema.

"Miwili."

"Na mawe yote uliyoniambia hai?"

Akamwonyesha kiganja.

Yule mzee akaketi juu ya pipa kama aliyekatwa kamba. Alitazama kile kiganja, akamtazama Sikio, akatazama kule chini. "Ungeniambia," akasema mwishowe.

"Ungenifanyaje?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kudanganya. "Ningekuteremsha."

"Basi."

Hakuna aliyempigia kelele. Labda zilipigwa na hakuzisikia, lakini nadra watu kumpigia kelele mtu aliyekwisha jihukumu. Alichokiona ni Kitinda. Binti alikuwa amesimama chini ya kibanda, nyundo mkononi, anamtazama mama yake kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

Nyumbani binti alikaa siku mbili bila kumsemesha. Aliosha vyombo, akamlisha bibi, akafanya kila kitu vizuri mno. Siku ya pili jioni akaja mbele ya mama yake, akainama mpaka nyuso zikalingana.

"Mimi nilikuwa nimekaa pale chini, mama," akasema. "Kila siku. Nilikuwa nimekaa pale."

"Najua."

"Ulikuwa unajua?"

Sikio hakujitetea kwa chakula, ingawa chakula kilikuwa ndiyo kweli. Kitinda akachukua ndoo, akaenda mtoni. Aliporudi alimwuliza mama yake kama viazi viwekwe chumvi. Alimgeuzia uso ndipo akauliza.

Bibi yeye hakushangaa hata kidogo. "Mlidhani mimi kipofu wa masikio pia?" akasema, kwa sauti ya kupasua bati. "Siku ile wewe na mwanangu mlinyamaza kwa kelele sana. Kweli ningekufa na njaa? Nimekula nini toka nizaliwe, keki?"

Domo aliitwa baada ya wiki mbili, maana yule mwenye masharubu alivunja kabari tatu kwa siku moja. Alirudi bila shukrani. Alimwambia Sikio usoni, "Umeniharibia hesabu," na alikuwa amekasirika kweli, kwa kuwa sasa yeye yuko juu na Sikio hayuko, na mzigo wa mama umemwangukia. Lakini jioni hiyo hiyo alileta kuni kavu, akazipanga mlangoni. Chimboni alikatazwa kulitamka neno kabari kabla ya jiwe kukatwa. Alifunga kitambaa chekundu kwenye fimbo, akawa anakiinua. Na kusikiliza mawe walipewa watu watatu, sharti wakubaliane wote. Wakawa hawakubaliani. Jiwe lililochukua asubuhi moja sasa lilichukua siku nzima ya ubishi, wapasuaji wakanung'unika, mnyapara akapoteza hata ule usingizi kidogo aliokuwa nao. Lakini kibanda cha wanawake kilihamishwa hatua thelathini pembeni, jambo ambalo lingeweza kufanywa miaka kumi na minane iliyopita, na hakuna aliyejua kwa nini halikufanywa.

Sikio akarudi kwenye kokoto. Mkono wa kulia ulikataa kabla ya saa nne asubuhi. Akajaribu wa kushoto, akajigonga kidole, akajigonga tena. Wanawake walimpa nafasi ya kukaa, wala hawakumpa zaidi ya nafasi. Hawakumwita Sikio. Hawakumwita kitu kingine pia. Siku nzima lilikuwa vumbi, mikono inakwenda, midomo inakwenda mbali naye, na rundo lake likabaki kama kichuguu.

Mama Pacha alirudi mwezi wa pili baada ya ajali, mkono wa kushoto umefungwa kwa kanga na kuning'inizwa shingoni. Alikuja kupiga kokoto kwa mkono mmoja, akizibana kwa unyayo. Alitembea moja kwa moja mpaka pale Sikio alipokaa, akasimama mbele yake, jua likiwa nyuma ya kichwa, uso wote kivuli. Akasema jambo. Likawa refu. Sikio aliona kidevu tu kikitembea. Wanawake walikuwa wamegeuka kutazama.

Sikio alikuwa amelingoja neno hilo mwezi mzima. Alikuwa amejiandalia matusi ya kila aina na jibu moja kwa yote. Lakini hata tusi ni lazima ulisikie ndipo ulipokee. Akaiweka nyundo chini, akakinga uso kwa mkono.

"Sijakusikia, mwenzangu," akasema. "Hebu njoo huku upande wa mwanga, uniambie tena."

Mama Pacha akazunguka. Akainama mpaka pua zikakaribia kugusana, akapaza sauti iliyofika ngazi ya juu:

"Nimesema, sogea! Umekalia gunia langu! Na hiyo nyundo ya mkono wa kushoto inashikwa chini, si katikati, utajiponda vidole vyote uje kunisumbua hospitalini!"

Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. Hakikuwa kicheko cha upendo wote, wala cha ubaya wote. Sikio akainuka, akalivuta gunia, akalikung'uta vumbi kwa uangalifu, akamtandikia mwenzake pale penye kivuli. Mama Pacha akaketi bila kusema asante. Kwa muda walipiga kokoto wakiwa wamekaa bega kwa bega, mwenye mkono mmoja wa kulia na mwenye mkono mmoja wa kushoto, kila mmoja na rundo lake.

Kisha Mama Pacha, bila kumtazama, akanyoosha unyayo na kulibana jiwe la Sikio, lisiteleze.